Nilivyoenda Flagstaff kuona nyumbani kwa Pluto

Basi la kutoka Phoenix kupanda Flagstaff nauli imenichoma kweli, hita haifanyi kazi na kule juu ni zaidi ya mita 2,000, baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa. Bei ya chumba ndo sitaki hata kuizungumzia.

Ila nilishaapa nikiwa Arizona lazima nifike Lowell Observatory, kituo cha kutazamia nyota, maana hapo ndipo Clyde Tombaugh, kijana wa miaka 24, mtoto wa mkulima wa Kansas, aliigundua Pluto Februari 1930. Zilipigwa picha za kipande kilekile cha anga, Januari 23 na Januari 29, akaziweka kwenye mashine inayokuonyesha hii halafu ile, hii halafu ile, nyota zote zimetulia, kadoa kamoja tu kanahama. Darubini yenyewe bado ipo, nimeiona kwa macho yangu jamani!

Sasa pale kuna njia inaitwa Pluto Walk, unaanzia kwenye Jua unapita sayari moja moja mpaka Pluto kabisa. Mwisho wa njia nikamkuta mzee mmoja, mwalimu wa sayansi mstaafu, nikamwambia mzee wangu, hii Pluto wameionea kuitoa kwenye sayari. Basi hapo ndo ilianza, tumesimama kwenye upepo tunabishana mpaka watu wanatupita. Yeye anasema kura ya wanaastronomia kule Prague Agosti 2006, ile iliyoitoa, ilikuwa sahihi, kwamba sayari lazima ilizunguke Jua, iwe mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani isizungukwe na vitu vingine vingi humo inamopita, Pluto hiyo ya tatu imefeli kwa sababu iko katikati ya mabonge kibao ya barafu. Akanikumbusha Ceres, lile gimba lililo kati ya Mars na Jupiter, iligunduliwa 1801 ikaitwa sayari miaka mingi tu, baadaye wakaitoa na hakuna aliyelia. Na Eris je, bonge jingine la huko mbali linalokaribiana na Pluto kwa ukubwa, nayo tuiingize?

Nikamwambia iingie! Sayari zikiwa 20 au 50 tatizo liko wapi? Halafu mzee, ichukue Dunia hii hii uipeleke kule kwa Pluto, wapo wanasayansi wanaosema nayo haitaweza kusafisha ile njia, kwa hiyo Dunia itaacha kuwa sayari? Mimi naona kitu kipimwe kwa jinsi kilivyo chenyewe, majirani zake hawahusiki. 2015 chombo cha anga cha New Horizons kimepita pale kikakuta milima ya barafu na hewa, nyembamba lakini ipo. Mzee akanyamaza kidogo, akasema hiyo ya Dunia ni hoja, ila bado yuko na Prague.

Usiku nikampigia dada Morogoro. Sisi shule ya msingi tulikariri sayari tisa, mwanae anafundishwa nane. Nikamwambia dada, kwenye mtihani mtoto aandike nane asipoteze maksi, ila likizo nikija nitakaa naye nimuelezee kura ilivyopigwa na wa upande wa pili wanasemaje, aamue mwenyewe.