Wimbo uachwe uishe

Jana nimerudi kutoka kazi yangu ya u-DJ saa kumi alfajiri na usingizi ukakataa kabisa, basi nikatoa santuri zangu zote kwenye makreti nikazitandaza sakafuni nizipange upya. Nilitaka kuzipanga kwa lebo, yaani kampuni zilizozitoa, nikaacha, nikajaribu kwa miji, Chicago hapa, Detroit pale, New York kule, nikaacha pia. Mwisho nikajikuta nimezigawa mafungu mawili tu: zile ambazo nikishaweka sindano naweza kwenda kukaa nikaziskiza hadi mwisho, na zile ambazo dakika mbili tu mkono unaanza kutafuta nyingine. Lile fungu la kwanza ndio mimi. Kama mtu anataka kujua napenda hausi gani, huu muziki wa dansi wa ngoma za mashine, aangalie fungu lile, hakuna haja ya maelezo.

Na najua ilianzia wapi. Babangu alikuwa na santuri ndogo, zile za 45, rumba na benga, zimekaa kwa sanduku la mbao chini ya meza ya TV kwetu Mombasa. Santuri ndogo vile haibebi wimbo mrefu, dakika tatu nne hivi upande mmoja, na nyimbo zetu na za Wakongo ni ndefu, kwa hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya 1 huku, sehemu ya 2 nyuma. Mwimbaji anamaliza kueleza habari zake upande wa kwanza, magitaa yanaanza kuchemka sasa, kwisha. Sindano inakwaruza pale katikati, krr, krr, mzee anainuka mbio, anaishika santuri kwa ncha za vidole, anapuliza vumbi, anaigeuza. Na mamangu yuko pale pale katikati ya sebule, bega moja ameliinua na hajalishusha, anangoja. Nilikuwa mdogo lakini ule ukimya ulikuwa unaniuma wallahi.

Miaka mingi baadaye, nishaanza kushikashika miksa kwenye harusi za watu, ndio nikaja kusoma kumbe huko New York miaka ya 70 kuna mtu jambo hilohilo lilikuwa linamsumbua. Tom Moulton aliona vile watu wanaondoka kwenye sakafu ya dansi kila wimbo ukiisha, na ndio kwanza wamepata joto, akaanza kuzirefusha nyimbo. Halafu siku moja studio wakaishiwa sahani tupu za inchi 7, fundi akaukatia wimbo kwenye sahani kubwa zaidi, wakaitanua mifereji ili ijaze nafasi, na sauti ikatoka kubwa, nene, hawajawahi kuiskia hivo. Bahati tu! Kutoka hapo ndio tukapata santuri ya wimbo mmoja ya inchi 12. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul wakaanza kuiuza madukani na Ten Percent ya Double Exposure, ambayo DJ Walter Gibbons alikuwa ameivuta kutoka dakika 3 hivi hadi ikapita 9. Kusoma hayo nilimfikiria mamangu na lile bega.

Hausi imelelewa juu ya sahani hio kubwa. DJ Frankie Knuckles pale klabu ya Warehouse, Chicago, alianza na disko na soul, anarefusha anakata anaunganisha, halafu vijana wa mji wakaanza kutengeneza muziki wao wenyewe nyumbani na mashine za muziki za kampuni ya Roland ambazo soko lilikuwa limezikataa. Mashine ya ngoma ya TR-909 ilitengenezwa 1983 hadi 1985 tu, wakubwa hawakuitaka, ikaishia kwa bei ya mitumba, na mtu asiye na pesa ya kulipa bendi akaweza kuinunua. Larry Heard, mmoja wa vijana hao, alikuwa mpiga dramu. Mwaka 1986 kwa jina la Mr. Fingers akatoa Can You Feel It, na mi hadi leo sijapata santuri nyingine inayofanya kidogo sana na kunipa kingi hivo. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inapiga moja moja bila haraka, besi inazunguka chini kama mtu anayejua njia ya kwao gizani, halafu kinanda kinaingia taratibu kama kusi inavyoingia dirishani jioni, hukioni lakini chumba kizima kimebadilika. Hakuna anayekuimbia. Dada yangu ndiye aliniletea kutoka Uingereza, ameifunga kwa leso mbili ndani ya mzigo wa mkononi, hakukubali iingie chini ya ndege.

Nyingine ni Altered States ya Ron Trent, ya 1990, jamaa hakuwa amefika hata miaka 20, na inapita dakika 10. Hio nikiiweka huwa naingiza inayofuata mapema sana, hedifoni sikio moja, naisukuma pichi, yaani kasi ya santuri, kidogo kidogo hadi ngoma mbili zikae kama moja, halafu naziacha zitembee pamoja dakika mbili, tatu, besi ya hii nimeitoa, ya ile nimeiacha, hadi anayecheza asijue ni wimbo upi umeondoka. Hapo ndio naipenda kazi yangu kuliko kitu chochote.

Kuna klabu moja hapa Nairobi nilipiga karibu mwaka mzima, meneja wake alitaka wimbo usizidi dakika moja na nusu, anakuja nyuma yangu na simu mkononi ananionyesha saa. Watu washaanza kufumba macho, washasahau walikuja na nani, nikate! Nilikata, na nilijichukia kila wikendi, hadi nikaacha na pesa nilikuwa naihitaji. Na si habari ya kasi, watu wasinielewe vibaya. Singeli, ule muziki wa mbio wa Dar, inapita biti 200 kwa dakika na nikiwa Dar naicheza hadi fulana inalowa, kwa sababu ikishaanza haikuachi, MC anakushikilia hadi akuchoshe. Ni kukatizwa ndiko sikuwezi.

Mwezi uliopita mzee alikuja kwangu kuonana na daktari wa macho akakaa wiki nzima. Jioni moja nikaweka ile ya Ron Trent, sikumwambia kitu. Dakika ya nne hivi naona ameshika mikono ya kiti anataka kuinuka.

"Kaa tu baba, haijaisha."

Akakaa. Baada ya muda tena.

"Bado?"

"Bado."

Akafumba macho, akaegemea, kidole chake kinagonga mbao ya kiti, kikachelewa kidogo, kikaipata ngoma, hakikuiacha tena. Nje kumeingia giza na hakuna aliyewasha taa. Sindano ikafika katikati, krr, krr, na kabla sijasimama yeye ashafika, ameishika kwa ncha za vidole, amepuliza vumbi, ameigeuza.