Kwanza nionyeshe ulichokiona: wazazi na chanjo hapa Kyaka II, makazi ya wakimbizi nchini Uganda

Mama alishusha nguo ya mtoto akanionyesha mkono, karibu na bega. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kimetoa usaha kidogo. "Dada, nilimzaa mzima, mkamchoma, angalia sasa. Kwa chanjo ya wiki 6 simleti." Nami, VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) mpya niliyetoka kwenye mafunzo siku chache nyuma, nikamsomea magonjwa yote: dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua, kupooza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema asante, na kliniki hakuja.

Lililonikosesha usingizi ni kwamba aliniuliza kuhusu kidonda, nami sikumjibu kidonda.

Nilirudi baada ya siku mbili. Safari hii nilianza kwa kukunja mkono wa blauzi yangu nikamwonyesha kovu langu la utotoni, kisha nikamwomba anionyeshe la kwake. Alikuwa nalo. Ndipo nikamweleza kwamba chanjo ya kifua kikuu hufanya hivyo: wiki chache baada ya sindano hutoka kipele, kinapasuka, kinakauka, kinabaki kovu. Usikikamue, usikipake dawa wala majani, osha na maji safi tu na uache kikauke. Kidonda kikizidi kukua, au kwapa likivimba, mlete. Akauliza, "Kwa nini siku ile hawakuniambia?" Sikuwa na jibu ila kumwomba radhi. Wiki iliyofuata alikuja na kadi ya chanjo mkononi.

Tangu siku ile, nikiingia kwa mzazi mwenye wasiwasi naanza na swali moja: umeona nini, au umesikia nini, na kwa nani? Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana ulimi unawasha.

Wengi wetu hapa Kyaka II, wilayani Kyegegwa, tumetoka Kongo, na wengine tulitoka Kivu Kaskazini wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa Agosti 2018 ikamalizika Juni 2020. Tulikuwa tunakimbia bunduki, na papo hapo wanakuja watu waliofunikwa mwili mzima wakitaka kutuchoma sindano. Maneno yalikuwa mengi: kwamba dawa inaua, kwamba inafunga kizazi, kwamba ugonjwa wenyewe ni biashara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo mzee akiniambia "hivi vitu vya bure vina siri", siwezi kumwita mjinga. Namwambia mimi pia niliogopa. Namwambia pia kwamba sindano anazochomwa mtoto wake si zetu wakimbizi peke yetu. Mtoto wa mwenyeji wa Kyegegwa na mtoto wa Kampala wanachomwa hizo hizo, kwa ratiba moja: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Neno hilo limenisaidia kuliko hotuba yoyote.

Homa nayo ina habari yake. Mtoto akirudi na sindano za paja, usiku analia na mwili unachemka, na baba anasema mmeniharibia mtoto. Siku hizi namwambia mama kabla hajatoka nyumbani: usiku wa leo anaweza kuchemka na paja likauma. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo. Homa ikivuka siku mbili, akikataa ziwa au akishikwa na degedege, usingoje asubuhi. Homa uliyoambiwa mapema haikutishi kama ile inayokuvamia usiku wa manane.

Kuna baba mmoja aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: dawa inakuja kwa bodaboda kwenye vumbi na jua lote hili, nitajuaje haijaharibika? Nilimpeleka kwa muuguzi, naye akatoa chupa kwenye boksi la barafu. Kwenye lebo kuna duara la rangi, na ndani yake kisanduku cheupe. Chupa ikipata joto, kisanduku kinaanza kukolea. Kikifikia rangi ya duara, chupa inatupwa. Baba alikiangalia kwa muda, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamkabidhi muuguzi mtoto. Sasa ni yeye anayewaeleza wanaume wenzake, na wanamsikia kuliko wanavyonisikia mimi.

Si kila kosa ni la mzazi, hilo nalisema wazi. Chanjo ya surua, ile ya miezi 9, ikishachanganywa na maji yake haikai zaidi ya muda wa saa sita, na chupa moja ina dozi za watoto wengi, basi mara nyingine mama anatembea kwa muda wa saa mbili na kuambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu watoto ni wachache. Akirudishwa mara mbili, hatakuja ya tatu, halafu tunaandika kwamba amekataa. Niliongea na wauguzi kwa upole, mara nyingi, tukakubaliana: mimi nawakusanya watoto wa miezi 9 waje siku moja, na hata akija mmoja tu kutoka mbali, chupa ifunguliwe.

Waliopoteza kadi njiani wanaogopa mtoto kuchanjwa mara mbili. Nawaambia dozi ya surua ikirudiwa haimdhuru mtoto. Kubaki bila chanjo ndiyo hatari, maana surua ikiingia kwenye nyumba hizi zilizobanana inapita mlango kwa mlango. Na tangu chanjo ya malaria ianze Uganda Aprili 2025, swali ni jipya: "tunajaribiwa?" Hapo nauliza tu, nani hapa hajawahi kubeba mtoto wa malaria usiku? Hakuna mkono unaoinuka, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Yupo baba mmoja wa blok yetu ambaye bado hajakubali. Nimekwenda mara nne. Mara ya mwisho alinitolea kiti na kunieleza juu ya mtoto wake wa kwanza aliyefariki huko Kongo, siku chache baada ya sindano, na hakuna aliyemweleza mtoto alikufa na nini. Sikumbishia. Nilikaa naye mpaka jua likazama. Mtoto wake wa sasa anatimiza miezi 9 baada ya wiki tatu. Jumapili nitapita tena, wakishatoka ibada.