Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Kusoma, Darasa la Pili

Saa 1:00 asubuhi. Mwezi Julai hapa Mbinga, mkoani Ruvuma, huwa na baridi kali, tena ni msimu wa kuchuma kahawa, kwa hiyo nikifika shuleni hutazama kwanza nani hayupo. Kahawa huwazuia wavulana na wasichana. Ila msichana, hata asipokwenda shambani, mara nyingi huachwa nyumbani kumlea mdogo wake ili mama akachume. Wiki hii mimi ni mwalimu wa zamu, na kazi za usafi nazigawa mwenyewe: wavulana wanachota maji, wasichana wanapanga madawati, na juma lijalo watabadilishana. Wasichana wakiachiwa maji kila siku, huingia darasani wakati wenzao wamekwisha kurudia silabi.

Saa 2:00. Kipindi cha Kusoma. Mtaala wa 2015 uliweka mkazo kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) katika madarasa mawili ya mwanzo, hivyo muda wa kusoma upo. Kinachopungua ni zamu. Elimu bila ada iliyoanza 2016 ilijaza madarasa, na langu lina wanafunzi 84. Katika darasa kubwa namna hiyo, mwalimu akimchagua kila anayepaza sauti, "Mimi, mwalimu!", watasoma wale wale, wengi wao wavulana wa madawati ya mbele, na msichana aliyefunzwa nyumbani kutotanguliza sauti atamaliza muhula hajasikika. Ndiyo maana nina mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vijiti vyenye majina yao. Nautikisa, natoa kijiti, nataja jina. Aliyesoma kijiti chake kinahamia kwenye mkebe wa pili hadi wote wapate zamu. Binafsi nauthamini kuliko semina kadhaa nilizohudhuria.

Leo kijiti cha kwanza kimemwangukia binti wa dawati la nyuma. Amesoma "ngoma" bila shida, akakwama kwenye "ng'ombe". Mvulana wa pembeni alipotaka kumtajia, nilimwashiria anyamaze. Binti akafunika nusu ya neno kwa kidole, akasoma "ng'o", akasogeza kidole, akasoma "mbe", kisha akaliunganisha kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Nikamuuliza kwa nini ng'ombe wa kwenye hadithi alikimbia. Swali la "kwa nini" nalipeleka kwake kwa makusudi, kwa kuwa walimu tumezoea kuwauliza wasichana "nani" na "wapi", na maswali ya kufikiri tukawaachia wavulana.

Mkebe huo umefichua na jambo jingine. Katika daftari langu, wanaosoma kwa kubahatisha wengi ni wavulana, wale wale waliokuwa wakiitikia kwa nguvu darasa linaposoma pamoja. Kelele ziliwaficha, kama ukimya ulivyowaficha wasichana wanaojua.

Saa 4:00 ni uji na mapumziko.

Saa 4:30. Naandika ubaoni: "Rubani anashuka kwenye ndege. Mpishi anakoroga supu." Wasome, kisha wachore. Karibu marubani wote wamevaa suruali, na wapishi wamefungwa vilemba. Mvulana mmoja amepinga: "Mjomba wangu ni mpishi hotelini Songea!" Nimemwita mbele aeleze mjomba anapika nini, na baadhi wameanza kufuta vilemba. Vitabu vya hadithi vilivyobaki tangu mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi mkoani Ruvuma, navikagua vivyo hivyo kabla ya kuvigawa: nani anatenda, nani anatazama tu.

Saa 9:00 alasiri. Baba mmoja amekuja kumwombea binti yake ruhusa mpaka kahawa iishe.

"Shikamoo, mzee. Stakabadhi za chama cha ushirika huwa anawasomea nani nyumbani?"

"Marahaba, mwalimu. Huyo huyo binti."

"Na kaka yake?"

Akacheka. Kaka yake yuko Darasa la Nne, na msimu huu hajakosa hata kipindi kimoja. Tumekubaliana binti aje asubuhi na akachume mchana, kaka naye akachume mchana huo huo. Kuhusu atakayemlea mdogo wao asubuhi hatujaafikiana. Jumamosi nitakwenda kwao mama akiwepo, maana baba amelizungumzia suala hilo kana kwamba mkewe hana la kusema.