Toyota Fielder au Subaru Forester?

Ijumaa narudisha funguo. Mkataba wa gari nililokodi miaka 3 unaisha. Mama Neema anataka Fielder: buti refu, magunia ya viazi kutoka Sengerema yanaingia bila shida, na mafuta inanusa tu. Kweli kabisa. Ila njia yetu ya Isamilo, hapa Mwanza, ina jiwe limechomoza katikati kama kisogo cha kiboko, limejaa rangi za magari ya watu. Jana nimelipima kwa rula ya Neema: sentimita 17. Fielder ya jirani ikapita, krrrr! Forester ya fundi wangu wala haikugusa. Inakunywa, najua. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hatuchomi tena mafuta kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Sengerema.

Mama Neema bado kanuna.