Siku moja kazini kwangu Tanga: mimi simsomei mtu meseji

Mtaani kwetu Ngamiani wameshaamua kwamba mimi kazi yangu kusoma meseji za watu. Kuna bi mkubwa kaniuliza kabisa, mwanangu, hivi ukitaka si unaweza kuona mume wangu anachati na nani? Siwezi bibi, na mumeo sina habari naye. Ninaowaangalia ni maadmini, wale wenye akaunti zinazoweza kufungua, kubadili au kufuta chochote kwenye seva, zile kompyuta kuu za ofisi. Basi siku yenyewe huwa hivi.

Saa 1 asubuhi: mandazi na mbaazi, bajaji, ofisini.

Saa 2: napitia usiku ulivyokwenda, nani kaingia na kwa tiketi gani, yaani fomu ya kuomba kuingia yenye sababu. Kwetu admini hapewi paswedi mkononi, anaomba, mfumo unamuunganisha bila yeye kuiona, akitoka inabadilishwa. Huko ndani skrini yake na kila anachoandika vinarekodiwa. Ninachokiogopa ni tukio namba 1102 la Windows, maana yake mtu kafuta logi ya usalama, ile kumbukumbu ya nani kafanya nini, ndiyo maana logi zetu zinahamia papo hapo kwenye seva nyingine ambayo maadmini hawaigusi. Leo halipo, alhamdulillah.

Saa 4 na kidogo, simu. Fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo wa wateja, yuko Dar.

"Dada, nirushie paswedi ya databesi hapo WhatsApp, narekebisha kitu dakika tano."

Kaka, fungua tiketi.

"Dada ni dharura, ripoti ya mwezi haitoki!"

Kaka, dharura nayo ina tiketi yake. Akakata, akampigia bosi, bosi huyo mpaka mezani kwangu, eti si kuna ile akaunti ya dharura kwenye sefu? Ipo mzee, kwenye bahasha yenye sahihi mbili, na inafunguliwa mfumo wa kuombea ruhusa ukiwa umekufa, siyo mtu akiwa mvivu wa kujaza fomu. Nikamwambia kama vipi aidhinishe yeye, kwa jina lake. Kimya. Akarudi zake ofisini kumwambia fundi ajaze tiketi.

Tiketi imekuja saa 6 kasoro, kwenye sababu kaandika "kazi". Nikairudisha. Ikaja tena, "kurekebisha ripoti", haya, nikampa masaa mawili, databesi moja tu, na mimi naangalia laivu. Jamani, kumwangalia mtu anaandika amri kunachosha, anaandika, anafuta, anaandika tena, anapotea sijui kaenda kunywa chai wewe umekodolea kimstari kinachopepesa, huku umeme umekatika, jenereta inanguruma dirishani, feni ndiyo hiyo inazunguka kwa kujilazimisha na chakula cha mchana kinapoa kwenye kontena.

Halafu nikaona anatoa jedwali zima la wateja, majina, simu, namba za NIDA, analiweka kwenye faili alivute kwake. Hilo kwenye tiketi halikuwepo. Nikamkata hapo hapo.

Simu sekunde hiyo hiyo. "Dada umenikatia!" Ndiyo kaka, nimekukatia. Eti alitaka kujaribia kwenye laptopu yake, nikamwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi toka Mei 2023, ajaribie na data za kubuni. Akasema watu wa Tanga mna mambo. Tunayo.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Nimemfungulia upya, ripoti katengeneza haraka tu bila lile faili, nikaandika taarifa ya tukio, jua likashuka nikiwa bado naandika. Bosi kauliza nani kachelewesha ripoti, nikamfungulia rekodi, muda wa tiketi ya kwanza upo, wa pili upo, amri zote zipo. Akaangalia akaondoka. Na wasidhani rekodi ni za kumkamata mtu tu, kuna kijana wetu alisingiziwa kafuta malipo ya watu, video hizo hizo zikamtoa, siku hizi nikimwambia tiketi hata hanuni.

Niko kwenye bajaji narudi, simu inalia, ombi jipya la fundi kwa ajili ya kesho. Sababu: "kazi ya jana".

Nimelirudisha.