Moduli za sinthesaiza: ulehemu mwenyewe au ununue redimedi?

Tangu nianze kuposti haya mambo yangu ya waya huku Berlin, swali linalojaa inboksi ni moja: kaka, ninunue moduli iliyo tayari au ninunue seti ya vipande nilehemu mwenyewe, si ndo bei poa? Hapo kwenye bei poa ndo watu wengi wanapotelea, kwa hiyo ngoja nijibu leo halafu kila atakayeuliza namtumia hii.

Kwa wageni kwanza, kwa ufupi. Sinthesaiza ya moduli ni ile iliyokatwakatwa, moduli moja inatoa sauti, nyingine inachuja, nyingine inapandisha na kushusha, na wewe unaziunga kwa vijiwaya vya jeki ya milimita 3.5 unavyotaka. Wengi tunatumia Eurorack, mfumo alioanzisha Dieter Doepfer hapa Ujerumani miaka ya katikati ya 1990 na moduli zake za A-100: kimo cha paneli ni milimita 128.5, umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi, basi. Vipimo viko wazi, yeyote mwenye karakana anaweza kutengeneza moduli ikaingia kwenye boksi lako, na ndo maana watengenezaji wamejaa kila kona, wengine kama Befaco wa Barcelona wanakuuzia kitu kilekile kwa njia mbili, kimeshaunganishwa au kwenye mfuko kikiwa vipande. Na hii ya kujilehemia sio fasheni ya juzi. Robert Moog mwenyewe kabla ya sinthesaiza alikuwa anauza seti za theremin, ile ala inayopigwa bila kuguswa, na miaka ya 1970 kule CalArts, chuo cha sanaa California, Serge Tcherepnin alikuja na moduli ambazo wanamuziki walikuwa wanajilehemia wenyewe kwa sababu mitambo mikubwa ya wakati ule hela yake hawakuwa nayo.

Sasa bei. Ndiyo, seti huwa ni rahisi kuliko ya tayari, wakati mwingine inakaribia nusu. Ila huna pasi ya kulehemu, huna multimita (kile kipimo cha umeme), huna risasi nzuri ya kulehemea, huna kile kinyonyeo cha kutolea risasi ukikosea, huna koleo ndogo ya kukatia miguu ya vipande, na vyote hivyo hela yake haijaandikwa kwenye bei ya seti. Kwa mtu anayetaka moduli mbili tatu tu apige muziki wake, hapo hakuna alichookoa. Halafu siku ukitaka kuuza, watu huku wakisikia umelehemu mwenyewe wanashusha bei hapohapo hata kama kazi yako ni safi kuliko ya kiwandani, na siwalaumu maana hawajui mkono wako. Kuna na zile zinazouzwa bodi na paneli tu, vipande ujitafutie, hizo bei yake inavutia kweli, ila utakesha unatafuta kapasita moja ya ajabuajabu ambayo imeisha kila duka, na ukiipata posta inagharimu kuliko kapasita yenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia analehemu ili aokoe hela huwa nanyamaza tu. Lehemu kama unaipenda kazi yenyewe, au kama unataka siku moduli ikifa ujue pa kuanzia kutafuta ugonjwa. Mi hiyo ya pili ndo iliyoniteka.

Na kazi yenyewe haina haraka. Chukua rezista tu, kile kipande cha kubana mkondo wa umeme. Hizi za kisasa, za usahihi wa asilimia 1, zina mistari mitano ya rangi inayokutajia thamani yake kwenye mwili wa bluu, na kwenye bluu ile kahawia na nyekundu zinafanana hasa usiku chini ya taa ya njano. Rezista ya kilo-omu 10 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Igeuze uisome kutoka upande wa pili: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, hiyo sasa ni omu 120, na omu 120 ni thamani halali kabisa inayouzwa dukani, yaani hakuna kitu kitakachokushtua kwamba umesoma kinyumenyume! Ndo maana kila rezista inapita kwenye multimita kabla haijagusa bodi. Unaanza na vilivyo vifupi, rezista na dayodi, halafu soketi za aisii (zile chipu), halafu kapasita, na mwisho kabisa jeki na vidhibiti vya kuzungusha, na hizo usizilehemu mpaka paneli iwe imekaa mahali pake na nati umezikaza, la sivyo matundu hayatalingana na utalia. Kabla ya umeme unapima kama kuna shoti kati ya volti 12 na graundi, ile volti sifuri. Ule utepe wa waya wa pawa mstari wake mwekundu unakaa upande wa hasi 12, jamaa yangu mmoja aliugeuza na aisii zote zikaenda, moduli ilikuwa haina dayodi ya kuzuia umeme wa kinyume.

Zipi ulehemu basi? Miksa, VCA (ile ya kupandisha na kushusha sauti), vipunguza mawimbi, na ile Turing Machine ya Tom Whitwell inayozalisha melodi za kubahatisha, hizo vipande vyake vina miguu ya kupita kwenye tundu, mkono wowote mtulivu unaweza. Osileta ya analogi, ile inayotoa sauti, acha mpaka uwe na mazoea, maana ikishawaka kazi bado, inabidi utumie bisibisi ndogo kuirekebisha mpaka kila volti moja ipande oktava moja kamili, na chumba kikipata joto inahama tena. Na zile za kidijitali kama Plaits au Rings za Émilie Gillet, aliyefunga Mutable Instruments mwaka 2022 na kuacha michoro yake wazi kwa kila mtu, rezista zake zina urefu wa milimita 1.6 tu na prosesa ina miguu iliyoachana nusu milimita. Kanunue ya tayari bwana, labda kama una hadubini na moyo wa chuma.

Hayo ni ya huku. Kwa alie Dar au Mombasa jibu langu linageuka, na hili ndo nilitaka kulisema kwa kirefu. Garantii ya duka la Ulaya ukiwa Kariakoo ni karatasi tu, moduli ikifa kuirudisha ni nauli ya kwenda na kurudi na forodha katikati. Ushuru na VAT vinapigwa kwa thamani ya mzigo, kwa hiyo mfuko wa vipande wenye bei ndogo unaumiza kidogo kuliko moduli ya tayari. Na kikubwa zaidi, huku Berlin fundi wa kukufungulia moduli anadai hela ya saa moja ambayo unanunulia nyingine, wakati kule nyumbani mafundi redio wapo kila mtaa na mikono yao usipime.

Likizo iliyopita nilimpelekea mpwa wangu, fundi wa amplifaya, seti ya miksa. Akaikodolea macho bodi kidogo, akasema, "Mjomba, hii mbona nyepesi, hata sabufa ya Kichina ina mambo mengi kuliko hii." Maelekezo hakufungua. Alipomaliza akainua bodi juani akaipindapinda akitafuta nukta za risasi ambazo hazing'ai, yaani hazijashika vizuri, akazirudia mbili. Tatizo likawa umeme, boksi langu nimeliacha Ujerumani na yeye hana pawa ya chanya na hasi. Akachukua betri mbili za pikipiki akaziunga mfululizo, pale katikati akafanya graundi, tayari, chanya 12 huku, hasi 12 kule. Miksa ikawaka! Nimekaa na watu huku wanalehemu miaka na hilo lisingewajia kichwani.

Pawa ya kudumu ya boksi lako, ile inayochomekwa ukutani, nunua ya tayari popote ulipo, hapo na mafundi wenyewe siwasikilizi. Mpwa anataka filta sasa, na kaniambia nisimletee ya redimedi.