Chupa ya chai

"Nesi ninaye. Mke wangu ndiye simwoni."

Mume wangu, Baba Watoto, ambaye bado anauguza bega alilopasuliwa, aliyasema hayo Jumanne jioni, shemeji akiwa amekaa papo hapo, na mpaka leo hayajanitoka. Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka, ningejua pa kuyaweka. Aliyasema polepole, akiutazama mkono wangu uliokuwa juu ya chupa ya chai aliyotaka kuinyanyua. Shemeji akacheka, akauliza habari za mahindi.

Ile chupa kubwa ya lita 2 mnaijua. Ikijaa inapita kilo 2, na ilikuwa upande wa pili wa meza. Angelazimika kunyoosha mkono mbele, kiwiko kikiwa mbali na mbavu, ndipo ainyanyue. Hiyo ndiyo kazi hasa ya ile kano ya bega iliyoshonwa, ule ukano unaoushikisha msuli kwenye mfupa. Mkono ule kwa sasa haubebi kitu kizito kuliko kikombe, na hicho kikombe chenyewe kiwiko kikiwa kimebana ubavuni.

Wiki hii kitindamimba amerudi shule, tumemzika mjomba kule Ugenya, na mto Nyando umefurika tena hata madarasa yangu yamebaki nusu. Ila nikikaa kidogo tu, narudi pale mezani.

Kinachonisumbua ni kwamba kombeo, kile kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni, limetoka. Zile wiki 6 za kombeo na mto wake ubavuni hakuna aliyebishana, maana maumivu yenyewe yalikuwa askari. Alilala ameegemea mito mitatu, mgongo umeinuka, kwa sababu ukilala chali kabisa bega linavuta usiku kucha. Mto mwingine mdogo ulikaa chini ya kiwiko kisianguke nyuma. Barafu dakika 15 hadi 20, daima juu ya kitambaa, kamwe si moja kwa moja kwenye ngozi. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko alivichezesha kila siku visikakamae. Kwapa tuliliosha akiwa ameinama mbele, mkono unaning'inia wenyewe, kitambaa chenye maji kinapita katikati, halafu kukausha vizuri sana, kwa sababu joto la Kisumu na kwapa lililofungwa huzaa vipele.

Sasa maumivu yamepungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Daktari wa upasuaji aliingiza nanga ndogo kwenye mfupa wa juu wa mkono, akaifunga kano hapo kwa nyuzi. Nyuzi zinashikilia tu. Kushikana kwenyewe ni kazi ya mwili, na kano huungana na mfupa taratibu mno. Mtu anajisikia amepona wakati kule ndani bado uzi ndio unaobeba. Kano nyingi zinazoachia, huachia katika miezi hii ya mwanzo: mtu anajisukuma na mkono ule kuinuka kitini, anavuta mlango mzito, anadaka kitu kinachoanguka. Mazoezi ya nguvu hayaanzi kabla ya wiki 12 hivi, na nguvu yenyewe yaweza kuchukua mwaka kurudi.

Kwa hiyo chupa ile ningeishika tena hata leo. Hilo sina wasiwasi nalo. Lakini "mke wangu ndiye simwoni"? Nimeyarudia nikipika, nikisahihisha madaftari, ndani ya tuktuk nikitoka Kondele. Kila nikiyarudia nabadilisha jibu nililopaswa kumpa, na hakuna hata moja linalotosha.

Alhamisi tulikwenda kwa yule dada wa mazoezi ya viungo. Akamuuliza ni kitu gani kinamchosha zaidi. Nilidhani atasema usingizi. Akasema, "Kuvishwa shati." Hakunitazama.

Basi yule dada akamkalisha kwenye kiti, akamfundisha, mimi nikiwa pembeni nimeshika mkoba. Shati liwe la vifungo mbele na pana. Unalilaza mapajani, ndani likitazama juu, kola ikielekea tumboni. Unainama mbele mpaka mkono mgonjwa uning'inie bila kujikaza, kisha ule mzima unaupandishia mkono wa shati hadi begani. Mgonjwa huingia kwanza. Ndipo unalizungusha shati nyuma ya shingo, na mkono mzima unaingia mwisho. Kuvua ni kinyume: mzima hutoka kwanza, mgonjwa mwisho. Wengi hukosea kwa kuuinua mkono mgonjwa uufuate mkono wa shati, na ukiuinua hivyo umeshaiamsha ile kano tunayoilinda.

Ijumaa asubuhi aliniambia nitoke chumbani. Nilisimama kwenye korido nikisikia kiti kikilia, pumzi nzito, kimya, tena kiti. Ilichukua muda mrefu. Alipotoka, kifungo cha pili kilikuwa kwenye tundu la tatu na kola moja imekunjika ndani, na uso wake ulikuwa umefunguka kama sijauona tangu kabla ya hospitali. Sikugusa kola. Nilitamani sana kuigusa, lakini sikuigusa. Tulikunywa chai, nikamimina mimi, na hakusema neno juu ya hilo. Alinieleza habari za mpira kwa urefu kama zamani.

Jioni tulifanya zoezi la fimbo. Analala chali, anashika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima unausukuma ule mgonjwa juu na nyuma kuelekea kichwani. Mgonjwa anabebwa tu, habebi. Anasimama pale anapohisi kuvutwa. Bega likianza kuchoma amepitiliza. Mpini umevuka paji la uso. Nimefurahi mno, na nimemwambia.

Kitu kingine sasa. Kuku wawili wamejikunyata tangu jana, mbawa zimeshuka na kinyesi ni cha kijani. Naogopa ni kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka. Waliokwisha ugua chanjo haiwasaidii, na kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wangu wote, kwa hiyo lazima nichange na majirani, tena yule wa ng'ambo ya ua hatujasalimiana tangu Krismasi. Duka la dawa za mifugo Kibuye sijui kama Jumapili linafunguliwa.